Sanduku la Fela, santuri saba, elfu hamsini mpaka mlangoni: ninunue au nitulie?

#1 FundiWaSouthB (mwenye uzi)

Hamjambo wadau. Wazee wetu humu, shikamooni.

Jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Nyumbani nimelizungumza mpaka wamelichoka, ndiyo maana nawaletea ninyi mnaojua uzito wake.

Kuna muuzaji Uingereza ana sanduku la Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Afrobeat wa Nigeria; ni lile la tatu, lililochaguliwa na mtayarishaji muziki Brian Eno na kutoka mwaka 2014. Ndani mna santuri saba: London Scene, Shakara, Gentleman, Afrodisiac, Zombie, Upside Down na I.T.T. Mna kijitabu chenye maneno ya nyimbo, na bango la ukutani. Halijafunguliwa, bado limo ndani ya nailoni ya kiwandani. Bei yake ikigeuzwa shilingi ni 34,000. Kulisafirisha ni 9,000. Ukiweka ushuru, sitaligusa kabla ya kuvuka elfu hamsini. Hiyo ni kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili.

Sasa, nyimbo zote hizo ninazo kwenye simu. Nikiwa kwenye matatu Mombasa Road na foleni haisongi, ni Fela huyohuyo. Kwa hiyo sitaki kudanganya kwamba nitasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia. Kinachonivuta ni kingine. Fela alipanga muziki wake kwa kuifikiria santuri. Wimbo wa Zombie peke yake unajaza upande mzima, dakika kumi na mbili na ushei. Gita linaanza, ngoma inaingia, tarumbeta zinaitana, na sauti ya mwenyewe huisikii mpaka umeshatulia kwenye kiti. Wimbo ukiisha, sindano inainuka na chumba kinanyamaza. Unaamua: nigeuze, au niache hapo? Kwenye simu hakuna kunyamaza. Wimbo wa mtu mwingine unaingia palepale.

Halafu kuna majalada. Gentleman nimelishika kwa mkono mara moja tu, Kenyatta Market, kwenye kibanda cha santuri. Lile lenye nyani aliyevaa suti. Lilikuwa limechakaa pembe, na mtu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino mgongoni. Nilisimama nalo mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nataka kiti.

Muuzaji anasema ni toleo la idadi maalum na likiondoka halirudi. Maneno hayo yamenishika kooni. Nishaurini kama ndugu yenu.

#2 Kijana_Umoja2

Kaka nunua. Pesa hutafutwa kila siku, sanduku kama hilo halitafutwi kila siku.

#3 MzeeWaKariokor

Marahaba mwanangu. Kabla sijasema lolote: hizo santuri utazipigia kwenye chombo gani? Taja aina ya sindano ukiijua.

#4 FundiWaSouthB

Mzee, nina ile gramafoni ya mkoba, yenye spika ndani kwa ndani. Niliinunua miaka minne iliyopita. Sindano ni ile iliyokuja nayo.

#5 MzeeWaKariokor

Basi hapo tumefika kwenye jambo lenyewe, na naomba unisikilize bila kukasirika.

Sindano ya mkoba kama huo mara nyingi hukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 5 hivi. Mkono wa gramafoni iliyotengenezwa vizuri hukandamiza kwa gramu 1.5 mpaka 2.5. Ukiusikia uzito huo utauona ni mdogo, lakini ncha ya sindano ni ndogo kuliko mchanga, na uzito wote unaishia kwenye ncha hiyo. Sindano nzuri ya almasi, watengenezaji wengi wanakuambia uibadilishe baada ya saa 500 mpaka 1,000. Yako ina miaka minne. Ikishakuwa butu inakwangua kuta za mfereji wa santuri, na kilichokwanguliwa ni sauti. Kwanza zinaondoka zile sauti nyembamba za juu: matoazi, kayamba, herufi ya "s" mdomoni mwa mwimbaji. Huwezi kuzirudisha kwa kuosha.

Nilikuwa fundi wa redio na gramafoni miaka mingi. Nimeletewa santuri zilizonunuliwa kwa mshahara, zimelia mara kumi tu, nikazitazama kwenye mwanga na kuona mfereji umegeuka kijivu. Ukiziweka hizo santuri saba za Fela chini ya sindano hiyo, mwanangu, utakuwa umelipa elfu hamsini ili uziharibu mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Anza na gramafoni. Kisha rudi uulize habari ya sanduku.

#6 Sindano45

Mzee kamaliza kazi. Mimi nataka kugusa hiyo "idadi maalum", maana ndiyo inayokusukuma, na ilinisukuma mimi pia.

Mwaka 1992 lilitoka sanduku la Bob Marley, Songs of Freedom, CD nne. Lilitangazwa kuwa ni toleo la idadi maalum. Idadi yenyewe ilikuwa nakala milioni moja. Milioni nzima! Mwaka 1999 likatolewa tena kwa umbo dogo. Mimi nililitaka kwa sababu ya Redemption Song iliyorekodiwa Pittsburgh Septemba 1980, tamasha lake la mwisho. Kwa miaka mingi niliamini kwamba bila sanduku lile sitaumiliki wimbo ule. Mwaka 2011 tamasha lile likatolewa kama albamu inayojitegemea, Live Forever. Mwenye kusubiri aliupata wimbo pamoja na wenzake wa usiku uleule.

Sisemi kwamba kila anayetaja idadi anakuhadaa. Mosaic Records ya Marekani tangu 1983 ilitoa masanduku ya jazi yenye namba kwa sababu ya kueleweka: ilikodi haki za rekodi kutoka kampuni nyingine, na mkataba uliruhusu nakala kadhaa tu. Zikiisha, zimeisha. Lakini hata hapo, sanduku lao la kwanza lilikuwa la mpiga piano Thelonious Monk, rekodi alizofanya kwa kampuni ya Blue Note, na mwaka 1994 Blue Note wenyewe wakatoa muziki huo kwenye CD nne. Kilichokuwa na kikomo ni lile boksi na namba yake. Muziki ulipata njia nyingine ya kutoka.

Kwa hiyo jiulize unaogopa kukosa kipi.

#7 WaMzigo_Eastleigh

Niongeze la forodha kwa sababu naona hesabu yako ina pengo. VAT ya asilimia 16 haihesabiwi kwenye bei ya dukani peke yake. Wanachukua bei, wanaongeza usafiri na bima, wanaongeza ushuru wa forodha wenyewe, ndipo wanapiga 16 juu ya jumla hiyo. Na zipo ada nyingine ndogondogo. Maana yake ile 9,000 ya usafiri unailipia kodi pia. Watu wengi hukwama hapo: wanafika kuchukua kifurushi na pesa pungufu, wanarudi nyumbani mikono mitupu, na siku za kuhifadhiwa zinahesabiwa.

Jingine. Niliagizia mteja sanduku la santuri tano, toleo la idadi maalum, kutoka kwa duka moja la ng'ambo. Lilifika pembe moja imebonyea kama limeangushwa kutoka juu, na santuri ya tatu ilikuwa na tundu lililotobolewa pembeni kidogo ya kati, kwa hiyo sauti ikawa inayumba kama mtu aliyelewa. Duka likajibu kwa adabu: tunasikitika, hatuna nyingine, rudisha tukurudishie pesa. Kulirudisha kulikuwa kunakaribia gharama ya kulileta, na kodi aliyolipa mteja hakuna wa kumrudishia. Aliliweka hivyohivyo mpaka leo. Santuri ya kawaida ikiwa na kasoro unabadilishiwa. Ya idadi maalum, kasoro yake ni yako.

#8 Kijana_Umoja2

Hii ya kodi juu ya usafiri sikuijua kabisa.

#9 MamaWawili_Donholm

Mwenye uzi, mimi si mjuzi wa sindano. Naandika kwa sababu umesema nyumbani wamechoka na habari hii.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa santuri. Alipofariki nilikuta masanduku kumi na moja juu ya kabati, sita yakiwa bado ndani ya nailoni. Kumbe alikuwa akiyanunua na kuyaweka, akisema yatapanda bei na yatasomesha watoto. Nilimwita mnunuzi. Aliyapitia yale yaliyofunguliwa kwa haraka, akanitajia bei ya jumla ambayo haikufika hata nusu ya risiti nilizokuwa nazo mkononi. Sikumlaumu, ni biashara yake. Sikuuza.

Siku moja binti yangu wa kwanza akachukua kisu cha jikoni akachana nailoni ya mojawapo, la rumba ya Kongo, rekodi za Franco. Nilitaka kumkemea, nikashindwa. Ndani mlikuwa na harufu ya karatasi mpya, ilhali kitu kilikuwa na miaka minane ndani ya nyumba yetu. Tulisikiliza jioni nzima. Nilimjua baba yao kwa miaka kumi na tisa na sikuwahi kukaa naye tukasikiliza sanduku lile, kwa sababu lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo usiniulize kama ununue. Nakuomba tu, ukilinunua, lifungue siku lilipofika, na mwite huyo aliyechoka kusikia habari zake.

#10 Sindano45

Mama, pole sana, na asante kwa kutuandikia haya.

#11 MzeeWaKariokor

Poleni mama. Mungu amrehemu.

Hayo masanduku yasimamishe wima kama vitabu, yasilaliane. Zile za chini hupinda kwa uzito. Na yaondoe juu ya kabati kama paa lenu ni la mabati. Joto la mchana la pale juu linatosha kuikunja santuri hata hapa Nairobi penye baridi. Kama una gramafoni isiyofanya kazi, niandikie pembeni. Nitaitazama bila malipo.

#12 Mhandisi_Sauti_Ngong

Nimesoma wote. Niseme la sauti yenyewe, maana hakuna aliyeligusa: rekodi zilitolewa kwenye nini?

Sanduku linaweza kuwa na boksi la thamani na karatasi nzito, na sauti ikawa imenakiliwa kutoka CD ya zamani. Kabla ya kulipa, tafuta maandishi yanayosema waliotengeneza walipata kanda za studio au walinakili kutoka santuri nyingine. Mikusanyiko ya muziki wetu wa miaka ya 1970 mingi hunakiliwa kutoka santuri zilizopatikana sokoni, kwa sababu kanda zilipotea, au zilifutwa na kurekodiwa juu yake. Hilo si dhambi, kazi nzuri hufanyika hivyo. Lakini anayekuuzia anapaswa kukuambia.

Na bei kubwa haithibitishi chochote. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity ya Marekani, kampuni inayoheshimika sana kwa wapenda sauti safi, ilikuwa ikipitisha nyingi ya rekodi zake kwenye hatua ya kidijitali, ilhali wanunuzi waliamini zimetoka kwenye kanda moja kwa moja. Nyingine zilikuwa zikiuzwa dola 125 kwa albamu moja. Kesi ilifunguliwa. Cha kutafakari ni kwamba watu walikuwa wamezisifu sauti hizo kwa miaka, na wengi bado wanazisifu. Waliumia kwa sababu walilipia maelezo, na maelezo hayakuwa kamili. Kwa hiyo soma maelezo kwa makini kuliko unavyotazama picha.

#13 Benga_Mpaka_Kuche

Mimi nitasema kinyume na wengi humu. Nadhani mnamkatisha tamaa kijana kwa jambo jema.

Sanduku la Fela lipo kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakasema muziki wa Mwafrika huyu unastahili boksi, kijitabu, maneno yaliyochapishwa vizuri, na heshima ya yule aliyechora majalada mengi ya Fela, Lemi Ghariokwu. Familia imo ndani ya kazi hiyo. Mwanawe Femi mwenyewe alishiriki kuchagua sanduku la tano lililotoka 2021. Ukilipa, unalipia kitu ambacho wenyewe wamekikubali.

Sasa nitajieni sanduku la namna hiyo la muziki uliorekodiwa Nairobi. Jiji hili lilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Watu walikuja kurekodi hapa kutoka Tanzania na Kongo. River Road kulikuwa na maduka ya muziki mlango kwa mlango. Super Mazembe, Les Mangelepa, Simba Wanyika, hawa wote walikuwa wetu wa kila wikendi. Benga ilitoka hapa kwa santuri ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), wimbo umekatwa katikati: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili gita linapaa. Tulichopata cha maana ni mikusanyiko kama Kenya Special ya kampuni ya Soundway, 2013 na 2016, tena kutoka London. Nashukuru ilifanywa. Nimeinunua yote miwili na sijutii senti. Ndani yake nilisoma majina ya bendi nilizocheza muziki wao harusini bila kujua wanaitwaje.

Hiyo ndiyo kazi ya kijitabu. Kwenye simu unaona picha ndogo ya jalada na jina la wimbo, wakati mwingine limeandikwa vibaya. Nani alipiga besi? Nani alitunga? Mpiga besi ana wajukuu Kisumu au Machakos, na hakuna mahali wataona jina la babu yao limechapwa.

Kijana anataka kutumia pesa yake kwa kitu kilichotunza majina. Msimcheke.

#14 MzeeWaKariokor

Hakuna aliyemcheka, ndugu yangu, na maneno yako nimeyakubali. Niliishi miaka ile. Nakumbuka Jumamosi dukani, mwenye duka ameelekeza spika barabarani, anapiga upande wa kwanza tu. Ukitaka kusikia gita la upande wa pili, ununue.

Lakini sindano ni sindano.

#15 FundiWaSouthB

Wazee na ndugu zangu, nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa nafanya mlichoniambia.

Jumamosi nilichukua mkoba wangu mpaka kwa Mzee wa Kariokor. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia nitazame ncha. Nilitarajia kitu chenye ncha. Niliona kitu bapa upande mmoja, kama chaki iliyoandikia sana. Alinitafutia gramafoni ya zamani yenye mkono wa kurekebishwa uzito, mkanda mpya na sindano mpya ya almasi, yote kwa 14,000. Amplifaya nilikuwa nayo, ilikuwa imelala bila kazi; nimeipeleka Luthuli Avenue ikabadilishwa kapasita mbili.

Halafu nikafanya jambo ambalo aibu imenizuia kulisema humu mapema. Baba yangu aliacha santuri za 45, kama arobaini hivi, ndani ya katoni ya maziwa chini ya kitanda cha mama. Sikuwahi kuzipiga kwa sababu nilidhani zimekufa. Mzee alinionyesha kuziosha: maji safi, sabuni kidogo sana, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mifereji, hukati katikati, na karatasi ya jina isiguse maji. Nimeziosha ishirini na mbili. Tatu zina ufa. Zilizobaki zinalia.

Jana usiku niliweka moja ya benga, jina la bendi limefutika nusu. Upande wa kwanza ukaisha na lile gita likabaki hewani. Mama alikuwa jikoni. Akasema, "Geuza, bado." Alikuwa anakumbuka. Alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka upande wa pili ukaisha, akaniambia baba alikuwa akiipiga hiyo siku za mshahara.

Sanduku bado nalitaka. Lakini lile "halirudi" limeniachia koo. Nimemwandikia muuzaji kwamba sitalichukua kwa sasa.

#16 Benga_Mpaka_Kuche

Piga picha za karatasi za majina ya hizo 45, zote, hata zilizofutika. Namba zilizochorwa kwa mkono karibu na karatasi ya kati zipige pia, zitatusaidia kujua ni chapa gani. Hilo jina la bendi tutalipata humu.

#17 Sindano45

Nina wazo. Mwenye uzi, Mhandisi na mimi, tukichanga 17,000 kila mmoja, sanduku linanunulika bila mtu kukosa kodi ya nyumba. Binamu yangu anarudi kutoka London Desemba. Sanduku lina kilo tatu au nne, atalishika mkononi ndani ya ndege, pembe zitafika salama. Liwe la chama. Linakaa kwa kila mtu miezi minne, halafu linahama na tunakutana kulisikiliza siku ya kuhama. Sharti moja: linafunguliwa siku lilipofika.

#18 Mhandisi_Sauti_Ngong

Mimi nimo. Nitauliza muuzaji kwanza kuhusu chanzo cha sauti, na anitumie picha za pembe zote nne za boksi kabla hatujatuma pesa.

#19 MamaWawili_Donholm

Kama mna nafasi ya mtu wa nne, nimo. Binti yangu anasema anataka kumsikiliza Fela pamoja nanyi. Na siku ya kufungua, njooni kwangu, nafasi ipo.

#20 FundiWaSouthB

Mama, nafasi ipo, na mchango unashuka mpaka 12,750 kwa kila mmoja. Likae kwako kwanza. Sindano45, niandikie pembeni nikutumie sehemu yangu kwa M-Pesa mwisho wa mwezi.

Benga, picha ya kwanza ni hii hapa chini. Naona herufi "K-A-N" na baada ya hapo wino umeondoka.